Namna ya kujieleza ukiwa Mpemba, mwana-CCM, na bado unataka serikali tatu

Nijitaje kwanza, msomaji asipate taabu ya kunibahatisha. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Nauza vitambaa na kanga Mchangani, mjini Unguja. Nina kadi ya CCM na ada yake nalipa. Naamini Muungano wetu uwe wa serikali tatu, yaani ya Zanzibar, ya Tanganyika na ya Muungano, badala ya mbili za sasa. Na uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015, mimi nasema haukustahiki kufutwa.

Mpangie Mzanzibari yeyote mambo hayo, atakwambia moja lazima liwe uongo. Wa kwetu Pemba atasema uongo ni kadi: nimeichukua kwa ajili ya leseni ya duka. Wa tawini atasema kadi ni ya kweli ila moyo ni zambarau, rangi ya wapinzani wetu, ACT-Wazalendo. Mtu wa bara atastaajabu tu kusikia kwamba Wapemba wa CCM wapo.

Wapo, na si wa jana. Dk. Ali Mohamed Shein, Rais wa Zanzibar kwa tiketi ya CCM kuanzia 2010 hadi 2020, ni mtu wa Chokocho. Dk. Omar Ali Juma, Waziri Kiongozi tangu 1988 hadi 1995, kisha Makamu wa Rais wa Muungano mpaka kifo chake mwaka 2001, naye Mpemba. Maalim Seif mwenyewe, mtu wa Mtambwe aliyekuja kuongoza upinzani Zanzibar, alikuwa Waziri Kiongozi wa serikali ya CCM kabla hajavuliwa cheo na kufukuzwa chamani mwaka 1988. Na hii ya serikali tatu ilimgharimu Mzee Aboud Jumbe urais wake wa Zanzibar mwaka 1984, na Mzee Hassan Nassor Moyo, mmoja wa waasisi, alivuliwa uanachama mwaka 2015 katika mambo hayo hayo.

Majina haya yaweke akilini kwa faida yako mwenyewe, yakuondolee ile dhana kwamba umezaliwa na kasoro. Usiyatoe barazani kama ushahidi. Ukimtaja Dk. Shein utajibiwa, "Yule alikuwa Rais, wewe je?" Na aliyejibu hivyo ana haki, kwa sababu hukuulizwa habari za Dk. Shein.

Ninayoyaandika hapa yanamfaa pia kijana wa Makunduchi aliyeingia ACT na ukoo mzima ni wa kijani, au mtu wa asili ya Kimanga, yaani Mwarabu wa Oman, ambaye babu yake alikuwa ASP, chama cha Afro-Shirazi kilichokuja kuungana na TANU kuwa CCM. Badilisha majina, njia ni ile ile.

Jua unaulizwa nini

Kwetu, mtu akikuuliza chama chako, mara nyingi chama sicho anachokitafuta. Wazee bado wanaiita miaka ya 1957 hadi 1963 "zama za siasa". Watu walisusiana maduka, mabasi, harusi, hata maziko. Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP walipata kura nyingi zaidi, kiasi cha asilimia 54, lakini viti 13 tu kati ya 31. Serikali ikaundwa na wapinzani wao, Hizbu (yaani ZNP) na mshirika wake ZPPP, na Pemba ndiko walikovuna viti vingi. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Vyama vile viliondoka, watu wake na watoto wao wakabaki, na sisi wajukuu ndio tunaoulizana leo.

Kwa hiyo swali la chama huja na maswali mawili ndani yake. La kwanza: wazee wako walikuwa wapi? La pili: siku mambo yakichafuka, utanificha au utanitaja?

La pili ndilo zito. Lijibu hilo mwanzo, hata kama mwenzio hakulitamka. Darajabovu ninakokaa, jirani yangu mmoja, bibi wa Konde, aliacha kuja kwangu alipoiona kadi juu ya kabati. Sikumfuata na itikadi. Nilikwenda kwake na kumwambia: "Bi mkubwa, jina la mtu silipeleki tawini, wala kwa sheha. Nikiulizwa nani anakaa nyumba hii, nitasema wanakaa watu." Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nina bizari ya pilau. Habari za Muungano tulizizungumza baadaye sana, na hatujakubaliana mpaka leo.

La wazee nalo lijibu kwa ufupi na ukweli. Usitengeneze ukoo. Babu yangu alikuwa Hizbu mpaka anaingia kaburini, na nasema hivyo hivyo hata tawini.

Jibu lako fupi

Uwe na jibu moja linaloingia kwenye pumzi moja, maana wengi wanaouliza hawana nafasi ya kusikia zaidi. Langu ni hili: "Niko CCM kwa sababu mama yangu alisoma. Kuhusu Muungano sikubaliani nao, na nimewaambia."

Nitalifungua, ili uone kilichomo. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo Septemba 1964. Mama yangu alikuwa mtoto wa kike wa mkulima wa karafuu asiye na uwezo wa kulipa ada, na hata angekuwa nao angemlipia kaka yake kwanza. Mama akaenda skuli, akawa mwalimu, na mshahara wake ndio uliotulea baba alipofariki. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuanzia. Si uzalendo, si amani na utulivu, si maneno ya kwenye fulana. Ni kitu ambacho mtu anaweza kukishika na kukikagua. Anaweza kuniambia, "Lakini mbona skuli zenyewe sasa watoto wanabanana darasani?" na tukazungumza. Ukisema "napenda amani", mazungumzo yamekwisha, kwa sababu hakuna asiyependa amani.

Na useme nusu ya pili ya nyumba hiyo hiyo, vinginevyo utaonekana umekaririshwa. Babu yangu huyo huyo aliyeona binti yake anakwenda skuli bure, ndiye aliyekumbuka bakora walizochapwa watu Pemba baada ya Mapinduzi, na miaka ya foleni za mchele wa Mzee Karume. Alikufa akiamini mama amepotezwa na daftari. Mama alimuuguza mpaka siku ya mwisho. Nikiyaeleza yote mawili, msikilizaji wangu wa Pemba hushusha mabega, kwa sababu nyumba yake nayo ilikuwa hivyo.

Jambo moja zaidi kuhusu jibu fupi: lisianze na "mimi si kama wale wengine". Watu wengi wa aina yetu hulipenda sana neno hilo. Unawatukana wenzako wa chama kwa kumfurahisha mgeni, na mgeni naye anaondoka na dhana ile ile aliyokuja nayo, isipokuwa wewe tu umetolewa ndani yake.

Ulichonacho tofauti, kiseme ndani kabla ya kukisema nje

Hapa ndipo wengi wanapoonekana waongo. Mtu anajitapa mitaani kwamba anapingana na chama chake, lakini mkutanoni hukaa nyuma na kupiga makofi. Sikwambii ujitoe mhanga. Nakwambia, kama hujawahi kusema lolote ndani, basi nje usijisifu nalo. Sema tu kwamba ni maoni yako na hujayatoa. Hilo nalo ni jibu la heshima.

Mimi nilisimama mwaka 2014. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Mzee Warioba ilikuwa imependekeza serikali tatu, chama kikawa kimeshikilia mbili, Bunge Maalum linakaa Dodoma na wapinzani wameshatoka nje. Tawini palikuwa na semina ya kutueleza msimamo. Nikanyanyua mkono, nikasema nimeisoma rasimu na nakubaliana nayo, na nikataja sababu zangu. Mwenyekiti akaniambia, "Mama, kaa." Nikakaa. Tulipotoka, mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye ndani hakufungua mdomo, alinishika mkono mlangoni. "Mwanangu, haya tuliyasema 1984," akaniambia. "Yakaishia Dodoma." Akavaa viatu akaenda zake.

Tangu siku hiyo jibu langu lina mguu. Mtu akiniambia natafuta kupendwa pande zote mbili, namwambia aulize tawini kwetu nilisema nini. Hakuna aliyekwenda kuuliza, lakini wote wanajua wangeweza.

Utaulizwa pia: kama hukubaliani, umekaa humo unafanya nini? Jibu langu ni la kibiashara kidogo. Muundo wa Muungano hautabadilika bila ya CCM kukubali. Hesabu za Bunge ziko wazi. Basi nataka pawe na watu humo ndani wanaolisema, wasibaki wa nje peke yao. Wewe jibu lako linaweza kuwa jingine kabisa. Ila liwe nalo, kwa sababu swali hilo litakuja tu, na ukijibu "sijui, nimezoea" utakuwa umewapa haki yao.

Anza na baya la upande wako

Ukikaa na mtu aliyeumizwa na chama chako, usimsubiri alitaje jeraha. Litaje wewe.

Mimi na Wapemba wenzangu naanza na Januari 2001. Tarehe 26 na 27 watu waliandamana kudai uchaguzi wa haki, polisi wakapiga risasi, watu wakafa, Wete kwetu ikiwemo. Zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Katika waliovuka wamo binamu zangu. Kisha nataja tarehe 28 Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi aliposimama peke yake na kuufuta uchaguzi, na marudio ya tarehe 20 Machi 2016 ambayo CUF, chama cha Maalim Seif wakati ule, waliyasusia. Nasema: yale yalikuwa makosa, na chama changu ndicho kilichofaidika nayo. Kisha nanyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakohitaji mazoezi. Ulimi unawasha kuongeza kwamba na wao walifanya hivi na vile. Ukiongeza, umeyafuta yote uliyoyatangulia. Acha mwenzio ajaze nafasi. Mara nyingi ataanza kukusimulia alikokuwa siku ile, na baada ya hapo hutakuwa tena "CCM". Utakuwa mtu aliyemsikiliza.

Tangu tarehe 29 Oktoba 2025, watu walipouawa bara na intaneti kuzimwa, wanaoniuliza zaidi ni jamaa zangu wa Dar es Salaam, kuliko wa Pemba. Sina maelezo ya kuwapa kwa niaba ya chama, na sitafuti. Nawaambia ninachokitaka: waliokufa wahesabiwe, na waliowaua wajulikane. Anayetaka nijiuzulu mbele yake palepale, kwenye simu, namwambia nitalifikiria mwenyewe.

Wakati na mahali

Swali hili lina misimu. Baada ya Maridhiano ya CCM na CUF ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, iliyopita kwa asilimia 66.4, tukaingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na miaka mizima karibu hakuna mtu aliyejali kadi yangu. Nilivaa buibui langu, nikauza kanga zangu. Ikifika 2015, watu wale wale wananiangalia mkono kabla ya kupokea chenji. Basi usidhani ni wewe uliyebadilika. Ukitaka kueleweka, jieleze wakati wa shwari, mwaka wa pili au wa tatu baada ya uchaguzi, nyuso zikiwa zimelegea.

Msibani usijieleze kabisa. Mwaka 2016 Pemba kulikuwa na kususiana kwa kweli: watu hawapandi gari ya mwana-CCM, hawanunui kwake, wengine hawaitiki salamu. Alifariki ndugu upande wa baba, nikashuka Mkoani na mfuko wa mchele na sukari ya hitma. Wanawake wa jikoni wakaupokea, wakautoa wakauweka nje ya mlango, jua likaupiga pale. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenikaribisha. Palikuwa na karai la vitunguu halijaguswa. Nikavuta kibao, nikakaa chini, nikaanza kumenya. Nilimenya vitunguu mpaka adhuhuri, machozi yangu hayakumpa mtu kazi ya kuyapambanua. Jioni shangazi yangu mmoja akaniletea chai bila ya neno. Mchele ulibaki nje. Nilipoondoka nikampa dereva.

Ningesimama pale na kueleza kwamba mimi nataka serikali tatu, kwamba nami nimekasirishwa na kufutwa kwa uchaguzi? Ningeonekana najiosha kwenye maiti ya watu. Shangazi huyo huyo ndiye aliyeniuliza miaka baadaye, tumekaa gatini Mkoani tukisubiri boti: "Hivi wewe, mwenetu, ulichokiona huko ni nini hasa?" Hapo nikamweleza, kuanzia mama mpaka rasimu. Boti ilichelewa, alhamdulillahi.

Kundi la familia la WhatsApp nalo si mahali pake. Kuna mtu mmoja atachukua mstari wako mmoja, atauhamishia kundi la tawi au kundi la maskani ya akina nani sijui, na wewe utapata habari zako sokoni.

Matusi ya upande wako

Ukiwa mtu wa mchanganyiko, wenzako watakujaribu kwa utani. Watawaita wengine "Hizbu" mbele yako, watawasema machotara, watawasema Wapemba, kisha wakutazame kama utacheka. Sherehe za Mapinduzi za 2016 lilibebwa hata bango la kuwatukana machotara, mbele ya viongozi. Kanuni yangu: sicheki, wala sihutubii. Nasema mara moja, kwa sauti ya kawaida, "Mimi ni Mpemba, na maneno hayo siyapokei," na naendelea na nilichokuwa nikikisema. Usipojibu siku ya kwanza, utani huo utakuwa wako wa kudumu. Na ukicheka ili kuthibitisha kwamba u mwenzao, utatakiwa ucheke zaidi kesho.

Vivyo hivyo kwa upande wa pili. Wapo watakaokuita msaliti. Mwite anayekuita hivyo kwa jina lake la heshima, Ami au Maalim, na umuulize nimemuuza nani. Swali hilo huwapa shida, kwa kuwa inabidi wataje mtu.

Ukizungumza na watu wa bara

Huku kazi ni nyingine, kwa sababu wengi hawana hasira. Wana picha tu. Dar es Salaam Mpemba ni mwenye duka la kona, kila mtaa una "kwa Mpemba", na Mpemba huyo anadhaniwa anataka kuvunja Muungano. Usianze na historia. Anza na hesabu. Hati za Muungano za 1964 zilitaja mambo 11 ya pamoja. Orodha iliyomo kwenye Katiba sasa ina mambo 22. Yaliyobaki Zanzibar ina serikali yake ya kuyashughulikia, na bara haina: inatumia ya Muungano. Kwa hiyo serikali ya tatu ninayoitaka ni yenu nyinyi, ya Tanganyika. Mimi yangu ninayo.

Nikifika hapo, wengi hucheka, kisha wanafikiri. Ongeza kwamba Mzee Warioba si Mpemba wala si CUF; alikuwa Waziri Mkuu wa Muungano, kwa chama hiki hiki changu. Sihitaji akubali. Nahitaji aache kudhani kwamba maoni haya yana kabila.

Pa kuachia

Kwa mtu mwenye mamlaka juu yako, usijieleze. Umekwenda kwa sheha kwa ajili ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, unakipata kwa kuwa ni Mzanzibari na unakaa hapo. Kadi ya chama iache nyumbani, hata kama ingekusaidia. Hasa kama ingekusaidia, kwa sababu jirani yako wa nyuma kwenye foleni anakuona.

Na mtu akikuuliza mara ya tatu, "Sawa, lakini kura ulimpa nani?" hapo mazungumzo yamefika mwisho. Msimamo wako ni wa kuelezwa, kura ni siri. Wanawake wenzangu, hili nalisisitiza kwenu. Sote tunakumbuka waliopewa talaka kwa sababu ya kura, na wapo wanaodhani mpaka leo kwamba kura ya mke ni ya mumewe. Mume wangu ni ACT, tena wa mstari wa mbele. Watu wakitaka kujua yeye anasemaje kuhusu mimi, nawaonesha anapokaa, wamuulize. Kura yangu ya 2015 hajaijua hadi leo, na chapati zake za alfajiri anazipata vile vile.